Mimi Si Kalenda

Kengeza hakuwa na kengeza. Macho yake yalikuwa mazima, yote mawili, ila tangu utotoni alikuwa na tabia ya kufumba jicho la kushoto kila alipotazama kitu kilichomvutia. Mama yake ndiye aliyempachika jina hilo, na jina likamganda. Siku aliporudi nyumbani na kamera yake ya kwanza, mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mwanangu hakuwa na kasoro," akasema. "Alikuwa ameanza kazi mapema."

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Hakupiga picha za harusi wala za pasipoti. Yeye alipigia watu wanaouza: sabuni, mabati, mashindano ya michezo, vyumba vya hoteli. Alijua kupaka tunda glisirini ili lionekane limetoka kuoshwa sasa hivi. Alijua kwamba mkimbiaji anapokata utepe uso wake huwa umekunjamana, na kwamba sura nzuri huja hatua tatu baadaye, mwenyewe anapotambua kuwa ameshinda. Alijua pia kuamka alfajiri kupigia picha vitanda vya wageni, maana jua likiwa bado changa hata shuka la kawaida huonekana la kifalme. Yote haya aliyajua barabara, na hayakumsaidia kitu.

Aliishi na mama yake, Mungu amrehemu, na dada yake aliyemzidi miaka sita. Mama alikuwa dobi maisha yake yote, na dada alirithi kazi hiyo, akafua na kupiga pasi katika bweni la chuo. Walipokuwa wadogo mama aliwafundisha kukunja shuka wawili wawili: huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnavuta, mnatembea mpaka mnakutana katikati, na mmoja anampokea mwenzake pembe zake. Kwa mama hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Watoto wake wakigombana, aliwapa shuka wakunje.

Katika nyumba ile hapakuwa na picha ya mtu ukutani, ingawa mwenye nyumba alizaa mpiga picha. Baba yao alipofariki, picha yake ilitundikwa sebuleni katika fremu. Haikumaliza mwezi. Mama aliishusha mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo.

"Kila anayeingia anamtazama yeye kwanza," alisema, "kisha ananigeukia mimi kwa huruma. Nimechoka." Hakusema kutundika picha ni dhambi. Alisema tu kwamba uso Mungu alimpa auvae, hakumpa autundike.

Basi mwaka huo Kengeza akapata kazi tatu mfululizo. Ya kwanza ilikuwa tangazo la vidonge vya maumivu ya viungo. Tangazo lilitaka baba, mama na mtoto, na mama awe mtu mzima anayetabasamu baada ya maumivu kumwisha. Aliyemwagiza kazi, mkuu wa ofisi ya matangazo, aliitwa Bwana Haraka hata na wafanyakazi wake, kwa kuwa hapakuwa na ujumbe wake usioishia na neno hilo. Huyo hakuwahi kukanyaga mahali picha zinapopigwa. Alikaa mezani akangoja aletewe.

Mwigizaji wa kuwa mama alitafutwa na Kengeza mwenyewe, mama wa makamo kutoka kikundi cha jukwaani. Lakini siku moja kabla alitaka kujua mwanga utaangukaje kwenye uso wenye makunyanzi ya kweli. Ndivyo alivyozoea kufanya: hapigi picha ya kazi bila kumkalisha mtu kwanza apimie mwanga. Akaingia chumbani kwa mama mchana, dirisha likiwa wazi, akamkuta kaketi kitandani, miguu juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imeanza kuvimba.

"Mama, niazime uso wako."

"Mpaka lini?"

"Dakika kumi tu."

"Huu una mikunjo."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Leo umeitaka. Mwaka mzima unapita hapa mlangoni mbio kama unadaiwa."

Kengeza alicheka, akatundika shuka jeupe mkabala na dirisha ili lirudishe mwanga. Mama akajiweka sawa mtandio wake wa kijani wenye ukingo mweupe.

"Piga," akasema. "Lakini usinitundike. Mimi si kalenda."

"Sikutundiki, Mama. Napima mwanga."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu, Mama."

"Haya. Sasa fumba hilo jicho lako, tumalize."

Akafumba jicho la kushoto, na mama alipoliona limefumbwa, vilevile kama miaka thelathini na tano iliyopita, akatabasamu. Pengo lake la mbele likaonekana, na mashavu yakapanda mpaka macho yakabaki nyuzi mbili. Kamera ikalia. Tabasamu lile halikuwa la mtu aliyepona chochote. Alikuwa anamcheka mwanawe.

Jioni ile aliziingiza picha hizo kwenye kompyuta, akafungua folda, akaiita "Mama". Angeiita nini kingine? Kesho yake akampiga picha mwigizaji, na alipotaka kumfungulia folda yake, kompyuta ikakataa: jina la Mama limekwisha tumika. Kengeza akaandika bila kufikiri, "Mama wa kazi". Kichwani mwake maana ilikuwa wazi kabisa. Yule ni mama wa nyumbani, huyu ni mama wa hii kazi. Ujumbe ukaingia: "Tuma zote, haraka." Alikuwa anafunga mizigo kwenda kwenye mbio ndefu za kimataifa, kazi ya pili. Akatuma folda zote nne kama zilivyokuwa: Baba, Mtoto, Mama, Mama wa kazi.

Kule ofisini waliiona hiyo ya nne wakaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Mama wa kazi ni yule anayekufulia na kukupikia kwa mshahara. "Tangazo letu halina mfanyakazi wa ndani," alisema Bwana Haraka, na hawakuifungua. Wakafungua "Mama".

Kengeza alipigiwa simu akiwa kalala kifudifudi kwenye lami, hatua chache baada ya utepe wa mwisho, lenzi ndefu imeegemea mfuko wa mchanga.

"Yule mama ni balaa," Bwana Haraka alimwambia. "Umemtoa wapi?"

"Anaigiza jukwaani."

"Wapi! Yule haigizi, bwana. Yule anaishi."

"Ndiyo kazi yake hiyo," Kengeza akajibu, kisha akakata simu, maana mshindi ametokea kwenye kona.

Kazi ya tatu ilikuwa ya safari, wiki tatu za kupigia picha hoteli za milimani kwa ajili ya kijitabu cha watalii. Siku ya sita, amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea la chumba ambacho asingeweza kulala humo kwa fedha yake, akisubiri mvuke utoke kwenye kioo, simu ikaleta tangazo limekamilika. Alikuwa mama. Mtandio wa kijani, pengo, macho nyuzi mbili, na juu ya kichwa chake herufi nene nyekundu: NIMEPONA. Chini Bwana Haraka ameandika: "Kesho asubuhi linachapwa, bango la barabarani. Sema sawa, haraka."

Hapo ndipo pa kusemwa ukweli, maana watu wengi wamemtetea Kengeza kwamba lilikuwa kosa la folda. Folda ilikosea mpaka hapo tu. Alikuwa na siku nzima ya kusema hapana. Alianza hata kuandika, "Hapana, huyo si." Kisha akaitazama picha tena, na jicho la kushoto likajifumba lenyewe. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Akajiambia mama hatoki siku hizi, mwisho wake ni kwa jirani, hataiona. Akajiambia atakaporudi atamweleza mwenyewe kwa maneno mazuri, atacheka. Akafuta alichoandika, akaweka herufi nne: sawa. Kisha akashuka kupiga picha bwawa la kuogelea kabla mwanga haujabadilika.

Wiki ya tatu dada alipiga simu.

"Mama amevimba mpaka magotini. Leo amekataa uji. Rudi."

"Nimebakiza hoteli moja, Dada. Siku tatu."

"Siku tatu za nani?"

"Nakuja. Mwambie nakuja."

Alikuja siku ya nne. Mama alikuwa amezikwa jana yake, na udongo ulikuwa bado na alama za sepetu. Kengeza alipiga magoti akafunga macho aombe, na hata pale jicho la kushoto lilitangulia kufumba.

Dada hakumlilia wala hakumfokea. Alimngoja wiki nzima, mpaka siku Kengeza alipomfuata kazini, katika chumba cha pasi kilichojaa mvuke. Dada alikuwa anakunja mashuka peke yake juu ya meza ndefu, akishikilia upande mmoja kwa kiwiko.

"Nikusaidie?"

"Nimezoea."

Alikunja mawili matatu, ndipo akaanza kusema, macho yakiwa kwenye shuka.

"Tulikuwa kwenye teksi kumpeleka hospitali. Foleni ikatukamata pale kwenye mzunguko. Mama alikuwa kalaza kichwa begani kwangu, akainua macho. Akasema, 'Yule mwanamke kule juu amevaa mtandio kama wangu.' Na mimi nikatazama."

"Dada..."

"Subiri. Unajua Mama hajui kusoma. Akaniuliza wameandika nini. Nikamsomea. Nimepona. Akatazama tena, kwa muda, foleni haiendi. Halafu akasema, 'Mungu ashukuriwe. Kumbe wapo wanaopona.'"

Pasi ilitoa mvuke.

"Alijitambua?"

"Unaniuliza mimi? Fundi wa sura ni wewe."

Akaanza kumweleza habari ya folda, ya kompyuta iliyokataa, ya Mama na Mama wa kazi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kimoja kifupi, kama mtu anayetema mbegu.

"Kwa hiyo mama wa kazi alipumzika, wa nyumbani ndiye aliyefanya kazi."

"Sikukusudia."

"Na lilipokuja limekamilika, hukuonyeshwa?"

Kengeza akaanza kunyoosha ncha ya shuka lililokuwa mezani, na dada akapata jibu lake.

"Alikuomba jambo moja," akasema. "Hakukuomba nyumba, hakukuomba gari. Mshushe. Sitaki maelezo na sitaki machozi. Mshushe, ndipo uje uniite dada."

Kengeza alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Haraka. Ofisi ilikuwa ya vioo, na ukutani, katikati ya matangazo mengine, alikuwepo mama. Hakujua akae akiwa amempa mgongo au akimtazama.

"Yule ni mama yangu," akasema.

"Najua ni mama. Uliandika."

"Mama yangu mimi. Aliyenizaa."

Bwana Haraka akaangalia ukuta, akamwangalia yeye. "Uliandika Mama."

"Ndiyo. Mama."

"Sasa sisi tungejuaje, bwana? Kila mtu ana mama." Alipoelezwa kwamba amefariki, alisimama, akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akafungua simu, akaitafuta siku ile, akamwekea mbele ya macho herufi zake nne. "Nikimshusha nitamwambia nini mwenye vidonge? Mkataba ni miezi mitatu. Na kusema haki, amekaa vizuri pale. Watu wanampenda."

Kengeza akaomba jina la mwenye vidonge. Akaandika barua mbili, na zote zikajibiwa kwa pole na miezi mitatu. Lakini siku ile ofisini, kabla hajafika mlangoni, Bwana Haraka alimuuliza, "Wiki ijayo tuna maji ya chupa. Upo?" Na Kengeza akasema, "Nipo." Hilo hakumwambia dada yake.

Basi mama akakaa juu. Jua lilimpiga, mvua ikamnyeshea, na mtandio wa kijani ukaanza kuwa kijivu. Dada aliacha kupita kwenye mzunguko. Alizunguka nyuma ya soko kwenda kazini, nusu saa zaidi kila asubuhi, na nusu saa kurudi. Haikumsaidia. Siku moja baada ya ibada, mwanamke ambaye mama aliwahi kumfulia nguo zamani alimkimbilia na kumkumbatia. "Nilimwona mama yenu kule juu," akasema kwa furaha. "Nikasema, Mungu mkubwa, amepona." Dada akamjibu, "Amina," kwa sababu alishindwa kupata neno jingine, akarudi nyumbani akajifungia.

Ndani ya nyumba waliongea kama wapangaji. Chakula kiliwekwa mezani na kufunikwa. Kengeza aliambiwa "kuna maji ya moto" na "funga mlango," basi. Jina lake halikutajwa. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba jina lile lilikuwa na watu wawili tu duniani wa kulitamka vizuri, na mmoja ameshaondoka.

Alihesabu siku mpaka mkataba ukaisha. Akawatafuta mafundi wa mabango, akapata simu ya msimamizi wao, akamwomba turubai la picha ile asipewe mtu mwingine. Maana alijua maturubai hayo yanakokwenda. Ni mazito na hayavuji. Watu huyagombania kufunikia mbao, kuezekea vibanda, kuanikia nafaka.

"Njoo saa nne kamili," msimamizi alimwambia. "Sisi hatungoji. Tukishusha, tunakata, tunakwenda kwingine."

"Nitakuwa hapo kabla yenu."

Asubuhi ile alikuwa na chupa za maji kwa mara nyingine. Picha moja tu ilibaki, na alikuwa na muda wa kutosha. Lakini matone ya glisirini hayakukaa kwenye chupa. Yaliteleza, akayafuta, akayapaka upya, yakateleza. Bwana Haraka alituma ujumbe. Kengeza akasema moyoni, moja tu, moja ya mwisho. Alipofika kwenye mzunguko ilikuwa saa tano na robo, na kule juu palikuwa na kijana mtanashati anakunywa soda.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?" msimamizi akamuuliza, akiwa anakunja kamba. "Tulikungoja, ndugu yangu. Nimekuwekea nusu ya juu. Nusu ya chini kachukua mwenye matofali."

"Mwenye matofali gani?"

"Alipita na lori. Wenye matofali wako wengi mji huu."

Alilibeba turubai kwa mkokoteni mpaka nyumbani, akaliburuza uani, akalitandaza ili ajue amepata nini. Lilijaza ua mzima. Alipata herufi nyekundu, mtandio uliochujuka, paji la uso, na macho nyuzi mbili. Chini ya pua palikuwa pamekatwa kwa kisu, mkato uliopinda. Pengo na tabasamu, mdomo uliosema usinitundike, vilikuwa vimefunika matofali ya mtu mahali fulani.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono. Alizunguka turubai lote polepole, kama anayetafuta doa kwenye shuka, akasimama pale palipokatwa.

"Mdomo uko wapi?"

"Umechukuliwa. Nilichelewa."

"Ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema foleni. Alifungua mdomo aseme foleni. "Kazini," akasema.

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizwa kama anajua njia ya kwao. Upepo ukaingia chini ya turubai, likainuka, uso wa mama ukajaa hewa ukataka kuondoka. Wote wawili wakaruka, kila mmoja akakanyaga upande wake. Hapakuwa na namna. Turubai kama lile mtu mmoja hawezi.

"Shika pembe," dada akasema.

Wakashika, wakavuta, likanyooka. Wakalikunja katikati, dada akihakikisha uso unaingia ndani, wakavuta tena. Kengeza akaanza kutembea kumwelekea, pembe mbili mikononi, kama walivyofundishwa, na dada naye akatembea. Walipokutana katikati alimtazama usoni.

"Dada," akasema.

Dada alizipokea pembe kutoka mikononi mwake, akazilinganisha na zake, akapangusa vumbi. "Shika upande wa chini," akamjibu. "Unaburuza."

Wakalikunja mpaka likawa ukubwa wa godoro, kisha ukubwa wa mto. Sanduku la mama, lenye baba chini kabisa, halikutosha. Dada akaliingiza chini ya kitanda cha mama, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ukuta, akaomba dua fupi aliyoisikia mwenyewe tu. Alipotoka alimkuta ndugu yake bado kasimama uani, mikono mitupu, anangoja aitwe.

"Chakula kipo mezani," akamwambia, akaingia ndani.

Tangu siku ile anaitikia akiitwa dada. Lakini yeye humwambia ndugu yake "wewe". Jina alilompa mama hajalitaja tena.